Koti Mbili na Mayai ya Asubuhi

Mume wangu si mtu wa maneno, na mimi sijawahi kumdai maneno. Kwa miaka ishirini na mitatu amenipikia mayai kila asubuhi ya siku ya kazi, na kwangu hilo lilitosha. Ni fundi rangi wa magari. Gereji nzima inamwita Koti Mbili, kwa sababu gari halitoki mikononi mwake mpaka limepakwa rangi mara mbili, koti juu ya koti, hata mwenye gari awe amesimama mlangoni analalamika kwamba amechelewa harusi. Ukimwambia koti moja linatosha, anakutazama kana kwamba umewatukana wazazi wake.

Na jikoni alikuwa hivyohivyo. Mafuta yake hayakuwa ya kukaangia, yalikuwa ya kuogelea. Kando ya jiko alikuwa na kopo la bati, anamimina humo mafuta yaliyobaki leo ili ayatumie kesho, kwa hoja kwamba mafuta ya jana yana ladha. Alitia miiko mitatu, akasubiri yatoe moshi, akapasua mayai mawili yangu na matatu yake, kisha akatupia chumvi kwa vidole vyote vitano. Mkate nao hakuuacha salama, aliupaka siagi pande zote mbili. Nilikuwa nakula huku mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kiganja, na sitasema uongo, yalikuwa matamu.

Mimi napiga pasi shuka za hoteli. Kutwa nzima nimesimama, pasi mkononi, mvuke usoni. Siku moja, shuka ya arubaini au hamsini, meza ikaanza kunizunguka. Niliishika kwa mikono miwili nikasubiri itulie. Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke mcheshi tunayemwita Shangazi ingawa hana undugu na yeyote pale, akanikalisha kwenye rundo la shuka chafu na kuniambia nisiporudi na karatasi ya kliniki kesho yake, hatanisogezea hata kiti.

Daktari alikuwa kijana, amemzidi mwanangu mkubwa kidogo tu. Akanifunga mkanda wa presha, akaufungua, akaufunga tena. Akatoa damu, nikarudi kesho yake kuchukua majibu.

"Mama, presha yako ni mia moja na sitini. Mafuta kwenye damu yamepita kipimo kwa mbali. Una miaka mingapi?"

"Arubaini na tisa."

"Mama mzazi yupo?"

Nikamwambia mama yangu alianguka jikoni kwake, kiharusi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Daktari aliacha kuandika. Akasema atanipa miezi mitatu ya kubadili chakula na kutembea kwa miguu. Nikirudi na namba zilezile, ataniandikia dawa na hatanibembeleza. Akaniuliza asubuhi nakula nini. Nilipomweleza, akashusha kalamu mezani.

"Yai lenyewe halina ugomvi mkubwa na wewe," akasema. "Yai moja siku nyingi za wiki, sawa. Lakini hayo mafuta yanayochemshwa leo na kesho, hiyo chumvi, hiyo siagi, hivyo viache."

Nilitoka pale nikipiga hesabu moja tu: hamsini na mmoja kutoa arubaini na tisa. Niliogopa, sitaki kuficha. Niliogopa mpaka nikapita kituo changu cha basi bila kukiona.

Lakini nilipofika nyumbani sikumwambia. Watoto wetu wawili wameshatoka, kila mmoja na maisha yake, na nyumba imebaki na sisi wawili na ile sahani ya asubuhi. Nilijiuliza, nikimwambia, atanipa nini tena? Kwa hiyo nikaanza ujanja wa kitoto. Nilikula vipande viwili mbele yake, nikasema nimechelewa, nikafunga yaliyobaki kwenye karatasi kwamba nitamalizia njiani. Kazini nilimpa Shangazi. Shangazi hakuuliza swali, alikula.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa siku kumi na moja. Siku hiyo Koti Mbili alipita kazini kwetu kuniletea ufunguo niliousahau. Shangazi akamwahi mlangoni.

"Shemeji, Mungu akuzidishie. Hayo mayai yako ya kila siku, mimi nimeanza kunenepa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya lundo la mito, nikatamani niingie ndani ya foronya. Yeye aliniangalia, akaniangalia tena, akaweka ufunguo mezani na kuondoka. Nilijua kabisa kwamba jioni haitakuwa nzuri.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameketi jikoni, hajavua hata ovaroli. "Mayai yangu yana nini?" akauliza.

Nikamletea karatasi ya kliniki. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila namba, kama anavyosoma maandishi madogo kwenye makopo ya rangi. Kisha akauliza mama yangu alikuwa na umri gani. Alijua jibu, alikuwepo mazishini. Nikamjibu tu. Akainuka, akachukua lile kopo la mafuta ya jana, akatoka nalo uani, na akarudi mikono mitupu.

"Ulinificha," akasema.

"Nilikuficha. Nisamehe."

"Kosa moja haliachi mke." Akavuta kiti. "Kuanzia kesho napika bila mafuta."

Msomaji atauliza, si mngechemsha tu? Hilo hata mimi nilimwambia, nikijua naongopa. Yai la kuchemsha halipiti kooni kwangu tangu shule ya bweni, tulikolishwa mayai yenye pete ya kijani kila Jumapili miaka minne mfululizo. Nikisikia harufu yake tu, tumbo linafunga mlango. Koti Mbili anajua hilo kuliko daktari yeyote, na hakupoteza muda kulijadili. Alikuwa ameshaivalia njuga kazi yake.

Kesho yake alitumia kikaango chetu kilekile chembamba, kilichopinda katikati, bila tone la mafuta. Yai lilishika chini kama limepigwa gundi. Akalikwangua, likatoka unga. Akalionja, akatema. "Injini bila oili inakamata," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameonywa na akakataa kusikia. Hilo yai alilimaliza yeye mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo: kila alichoharibu alikila, mimi nikala mkate mkavu na papai.

Nikasema ngoja nimsaidie. Nikaenda kununua kile kikaango cheusi cha kisasa, ambacho ndani kina utando mweusi laini na chakula hakishiki. Nilikiweka mezani kwa majivuno, nikaenda kuoga. Nikiwa bafuni nikasikia sauti ninayoijua, ile ya msasa juu ya chuma, kwaruu, kwaruu. Nikadhani analeta kazi ya gereji nyumbani.

Nilipotoka, kikaango kilikuwa kinang'aa kama kioo. Sakafuni palikuwa na vumbi jeusi, na mume wangu ameshika kipande cha msasa, uso umejaa fahari.

"Wamekupiga, mama watoto," akasema. "Walikuwa wamekipaka rangi ndani. Rangi kwenye moto inabanduka, ungeila. Imenitoa jasho, nimeimaliza yote."

Nilikaa chini. Nilicheka kwanza, halafu hasira ikanipanda, halafu nikacheka tena kwa sababu nilimwona anavyoanza kuelewa. Nilimweleza kwamba hiyo rangi ndiyo niliyoinunua. Akakigeuzageuza kile kikaango, akauliza kama kuna namna ya kukipaka upya. Nikamwambia hakuna. Akakipeleka uani, na mpaka leo kuku wa jirani wananywea maji humo.

Wiki iliyofuata akajaribu kupasulia yai kwenye maji yanayochemka. Shangazi alimwambia kwamba hotelini wageni wanakula hivyo, yai linaiva ndani ya maji bila ganda lake. Yeye akawasha moto mkubwa, maji yakawa yanarukaruka, akalidondosha yai kwa mbali kana kwamba litamng'ata. Lilitawanyika sufuria nzima, likabaki povu jeupe na nyuzi. Siku ya pili alitia siki, siku ya tatu alikoroga maji yazunguke kwanza. Siku ya nne lilitoka zima, lakini lilikuwa bichi ndani. Nililitazama sahanini likitetemeka, nikamwambia samahani, hili nalo siliwezi.

Mwezi mmoja na nusu ukapita hivyo. Nilikuwa natembea kwenda kazini asubuhi, nimepunguza chumvi, nimeacha siagi. Nilijikaza kisabuni. Lakini kuna asubuhi moja niliamka mvua inanyesha, magoti yananiuma, na jikoni kuna harufu ya yai lingine lililoungua. Nikashindwa.

"Baba, nipikie yale ya zamani. Leo tu."

"Hapana."

Katika ndoa yetu sijui kama amewahi kuniambia hapana mara tano. Nikamwambia siku moja haiui mtu. Akaendelea kusugua kikaango. Nikamwambia mwili ni wangu, na kama ni kufa nitakufa mimi, yeye hataombwa kusaidia. Alisimamisha mkono, lakini hakugeuka.

"Sijamaliza kazi," akasema. "Kazi ikiisha nitakuita."

Nikabeba mwavuli nikatoka bila kula na bila kuaga. Njia nzima nilimsema kimoyomoyo: mkaidi, kichwa ngumu, mzoea vya kunyonga vya kuchinja hawezi. Nilimsema mpaka nilipofika, na shuka ya kwanza niliyopiga pasi siku hiyo niliiunguza.

Sikujua kwamba na yeye siku hiyo hakwenda moja kwa moja gereji. Alipita kwa muuza vyuma chakavu, akakuta kikaango cha chuma kizito, kimeota kutu kote. Muuzaji akamwambia vikaango vya namna hiyo havioshwi kwa sabuni, vinapakwa mafuta na kuchomwa, vinapakwa na kuchomwa, mpaka chuma chenyewe kinakuwa laini. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya kuuzia kutu. Kwa mtu aliyekula ujana wake akipaka rangi na kuikausha kwa joto, ilikuwa ni kumwambia samaki habari za maji.

Jumapili aliamka mapema. Safari hii msasa ulikuwa na haki yake: aliiondoa kutu yote, akasugua kwa kitambaa, akaosha, akakausha juu ya moto. Kisha akatoa kwenye mfuko brashi mpya ya inchi moja.

"Hiyo imetoka wapi?" nikamuuliza, kwa maana bado nilikuwa nimenuna.

"Dukani. Haijawahi kuona rangi." Akaninyooshea ninuse. Ilinuka brashi mpya.

Akaichovya ncha tu kwenye mafuta, akapaka kikaango kikiwa baridi, ndani na pembeni, halafu akachukua kitambaa kikavu akafuta kana kwamba amebadili mawazo. Nilimuuliza kwa nini anapaka halafu anafuta.

"Rangi ikiwa nene inatiririka, inafanya machozi," akasema. "Ikiwa nyembamba ndiyo inashika. Miaka yote hii nawafundisha watu hivyo." Akakikunja kile kitambaa. "Halafu nyumbani nikawa namimina."

Alikiweka motoni mpaka kikatoa moshi, akakiacha kipoe, akapaka tena. Koti la kwanza, la pili, la tatu. Mimi nilifua, nikaanika, nikapika chakula cha mchana kwenye jiko moja lililobaki, na yeye bado yupo pale, amekaa kwenye kigoda, anasubiri koti likauke. Ilipofika jioni kilikuwa na makoti sita na rangi yake imekuwa nyeusi ya kung'aa. Alikipitishia kidole, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya gari likiwa tayari kuondoka.

Jumatatu nilimkuta amekipasha moto mdogo. Alipitisha brashi mara moja, mafuta hayakufika hata kijiko cha chai. Akapasua yai moja. Lilitulia. Akakitikisa kikaango, na yai likateleza kutoka upande huu kwenda ule, lenyewe, bila kuguswa.

Tatizo ni kwamba chini lilikuwa limeanza kuiva na juu bado ute. Zamani alikuwa akilimwagia mafuta ya moto kwa mwiko juu yake, na sasa hana cha kumwagia. Akainua mwiko alipindue, na mimi nikaona kabisa kiini kinakwenda kupasuka na wiki saba zinakwenda na maji.

"Usiliguse," nikamwambia. "Tia kijiko cha maji pembeni, funika. Mvuke utamalizia juu."

"Mvuke?"

"Wewe unajua rangi. Mvuke niachie mimi."

Akatia maji, yakalia, akafunika na kifuniko cha sufuria. Nilihesabu hadi sitini kwa sauti, kwa sababu nilikuwa naona mkono wake unataka kufunua. Alipofunua, ute ulikuwa mweupe wote, kiini kimetulia na utando mwembamba juu yake. Akanipakulia na vipande vya nyanya na mchicha aliougeuza humohumo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na pilipili manga kufidia. Nilikula nimesimama. Nilimaliza, nikapangusa sahani kwa mkate. Halikuwa tamu kama yale ya zamani, na nilimwambia hivyo, lakini lilikuwa yai, lilikuwa la moto, na lilikuwa langu. Akasema atarekebisha. Kesho yake alitia kitunguu.

Siku ya kurudi kliniki alisema atanisindikiza. Alivaa shati nililompigia pasi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, magoti yamebanana. Daktari alinifunga mkanda, akaangalia, akaniambia nipumue, akaupima tena. Kisha akafungua karatasi ya damu. Niliangalia uso wake nisione kitu. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Presha mia moja thelathini na nane," akasema. "Na mafuta yameshuka. Hayajafika tunapotaka, lakini yameshuka vizuri. Dawa tutaziacha kwanza. Mama, umefanya nini?"

"Natembea. Zaidi ya hapo sikufanya kitu, daktari. Nimepikiwa."

Daktari akamgeukia Koti Mbili na kumuuliza anapikaje. Hapo niliona ajabu. Mtu huyu ambaye kwenye harusi ya binti yetu alisema "ahsanteni" akakaa, alisimama katikati ya chumba cha daktari akaeleza habari za kutu, msasa, brashi, koti jembamba, kijiko cha maji na kuhesabu hadi sitini, na akaonyesha kwa mikono jinsi ya kufuta. Nesi alichungulia mara mbili kutukumbusha kwamba kuna foleni. Daktari alimwambia aendelee.

Tulipotoka, hakufika mlango wa nje. Alikaa kwenye benchi la korido, baina ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo, akainamisha kichwa. Nilidhani amesikia kizunguzungu, nikainama kumwangalia.

"Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nakuua," akasema. "Kila asubuhi, kwa mkono wangu. Nilikuwa nikipasua yai nawaza, ni mangapi yale. Miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nahesabu, hesabu inanishinda."

Miezi mitatu yote nilidhani ni ubishi wa fundi, kwamba amekutana na kazi iliyomkataa na hataki kushindwa. Nilimcheka na nilimnunia. Na siku ile ya mvua nilimwambia nikifa hataombwa kusaidia. Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikachuchumaa mbele yake. "Ulipika wewe, nilikula mimi," nikamwambia. "Na nilikuwa naomba niongezwe. Hilo kosa hulibebi peke yako."

Alikuwa analia, bila sauti, machozi yanadondokea kwenye shati. Mama mwenye mtoto akasogea kunipisha, nikakaa. Nikamshika mkono wa kulia, ule anaopasulia mayai, na sikuuachia mpaka alipomaliza. Kisha tukaenda kazini, kila mmoja kwake, tumechelewa sana.